Mama Elisante Dirishani Kwangu

Kila mwaka siku ile ikikaribia, simu zenu zinaanza. Picha ya meli iliyolala ubavu, mshumaa umebandikwa chini yake, na swali lilelile: "Wewe ulikuwa wapi siku meli ilipozama?" Halafu mnajibizana. Mmoja alikuwa anapalilia mpunga Ndungu. Mwingine alikuwa darasa la tatu, akachapwa kwa kuchelewa namba. Kuna mmoja hapahapa Same, simtaji, kaandika kwamba alikuwa tumboni mwa mama yake, na watu wakampongeza! Kumpongeza kwa lipi, jamani?

Mwaka huu mjukuu wangu kanisogezea kioo cha simu yake usoni: "Bibi, na wewe andika." Nikamfukuza. Leo nimemwita tena mwenyewe, maana nimechoka kufukuza watu kwa swali hilo. Nitajibu mara moja tu, kwa urefu ninaoutaka mimi, na atakayeona ni refu akanywe chai. Nawaambia mapema kwamba hakuna anayepona mwishoni.

Nilikuwa opereta wa simu hapa Same. Mnavyoijua ninyi, simu ni kitu cha mfukoni. Yetu ilikuwa na chumba chake: swichibodi ya mbao yenye matundu, kamba zenye plagi, na hedifoni inayobana masikio mpaka ikifika jioni kichwa kinagonga. Mwenye simu ofisini kwake au kwenye misheni alikuwa anaikoroga kwa mpini, kwangu kidude kinaanguka, namuuliza anamtaka nani. Akitaka Moshi, nakoroga Moshi. Akitaka mbali zaidi, naomba Moshi wawaombe Arusha, Arusha wawaombe wa mbele, na hapo ungeweza kusonga ugali, ukaula na vyombo ukaosha. Asiye na simu, yaani karibu watu wote wa milimani, alikuwa anatumiwa ujumbe kwangu. Nauandika kwenye karatasi, naukunja, namkabidhi kondakta wa basi la upande wake.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mrutu, msimamizi wetu wa zamu. Mzee huyo akiongea na Dar es Salaam alikuwa anapaza sauti utadhani anaita mbuzi walioko ng'ambo ya bonde. Siku moja muuza nyanya wa sokoni akaja dirishani akamwambia, "Mzee, kwa sauti hiyo simu ya nini? Si ufungue dirisha tu?" Hakucheka. Kazini alikuwa hacheki kabisa. Alinifundisha kurudia ujumbe mara mbili kabla ya kukata laini, kuandika maneno kama yalivyosemwa, nisitie chumvi wala nisipunguze. Na alinifundisha kusikiliza pumzi. Alisema mtu mwenye habari ya msiba hupumua kwanza ndipo ataje jina lake. Nilimbishia, lakini baada ya mwaka nikakuta ni kweli, mara nyingi tu.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya nikiwa na miezi minne kazini. Alikuja dada mmoja, mtoto mgongoni, kuulizia ujumbe wa mumewe aliyekuwa anafanya kazi Tanga. Ujumbe ulikuwepo. Mumewe alikuwa amefariki. Mimi na ujinga wangu wa usichana, nikaona kuzungusha maneno ni kumtesa mwenzangu, nikamwambia palepale: "Pole dada, mumeo amefariki jana." Akaanguka chali juu ya sakafu ya sementi, na mtoto chini yake. Mtoto alivunjika mkono.

Kesho yake wakaja wazee wanne wa ukoo. Hawakugomba. Walikaa kwenye benchi la wateja, kofia magotini, mkubwa wao akaniuliza kwa upole tu, "Binti, kwenu hakuna wazee?" Nililia siku mbili. Afadhali wangenichapa.

Ndipo Mzee Mrutu akaniwekea sheria. Habari ya msiba haipewi mwenyewe dirishani. Hata akikuuliza ana kwa ana, huna habari. Unamtafuta mtu mzima wa ukoo, baba mkubwa au mjomba, unampa yeye, naye anajua wamwite nani, wamkalishe wapi, wamwambie saa ngapi. Mnaijua desturi hii hata leo. Aliye mbali haambiwi baba kafa. Anaambiwa baba anaumwa, uje. Anapanda basi nusu anajua nusu hajui, akifika anakuta watu wamejaa uani, analia akiwa mikononi mwa ndugu zake. Nimeandika mwenyewe "mgonjwa, njoo haraka" mara nyingi mno, na kila mara jeneza lilikuwa linapigiliwa misumari. Niliona ni desturi nzuri. Hata sasa naiona nzuri, na hilo ndilo linanisumbua zaidi.

Sasa Mama Elisante. Alikuwa mjane wa Gonja, mwenye shamba la tangawizi huko juu na mtoto mmoja tu wa kiume, Elisante. Mmoja. Wengine watatu aliwazika wakiwa wachanga. Elisante akawa mwalimu wa shule ya msingi, serikali ikampangia kazi ng'ambo ya ziwa huko magharibi. Kila shule zikifungwa alikuwa anapiga simu ofisini kwetu, siku na saa wamekwisha kupatana kwa barua, na mama anashuka Gonja na basi la alfajiri kuja kuisikia sauti yake.

Nampa simu pale kaunta, anaishika kwa mikono miwili. Alikuwa anaanza hivihivi kila mara: "Umekula?" Mtoto ana miaka ishirini na sita, ana darasa zima la watoto wa watu, anaulizwa kama amekula! Wateja kwenye foleni wanacheka, naye anacheka nao. Akimaliza ananiachia tangawizi mbichi kwenye karatasi, ananiambia, "Nakijwa mwanangu, chukua, uwe unaweka kwenye chai hiyo sauti isikauke." Nilimpenda. Semeni mnavyotaka baada ya hapa, lakini nilimpenda yule mama.

Meli ilizama Jumanne asubuhi, ziwani, ikikaribia Mwanza. Sisi tulisikia kwenye redio ya ofisini, mchana. Sikumbuki nilikuwa nimevaa nini wala nilikula nini. Nakumbuka vidude vya swichibodi vikianguka vyote kwa pamoja. Same nzima, Mwanga, wote walikuwa na mtu wao Mwanza au Bukoba. Laini ya kule haikamatiki. Unakoroga mpaka bega linakufa. Jumatano nayo hivyohivyo. Watu walikaa nje kwenye udongo wakinisubiri nitoke hata kwenda chooni ili waniulize.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, laini ikafunguka yenyewe. Sauti ya mwanamke, iko mbali, inakwaruza. Kwanza akapumua.

"Hapo ni Same? Naomba kuongea na dada Nakijwa."

"Ndiye mimi."

"Mimi ni nesi, napiga kutoka hospitali huku Mwanza. Tuna mgonjwa wa meli, anaitwa Elisante. Amesema mama yake yuko Gonja, nikupigie wewe utampata. Hali yake si nzuri, kifua kimejaa. Lakini anaongea. Anamuulizia mama yake. Mwambie mama aje haraka."

Nikarudia ujumbe mara mbili kama nilivyofundishwa. Nikaandika kila neno. Na nilipokata laini, nikaweka mkono mdomoni, nikasema, "Mungu wangu, Elisante amekufa."

Mnanielewa? Nesi kaniambia mtu yuko hai, mimi nikasikia amekufa. Miaka yote ile sikuwahi kuandika "mgonjwa, mama aje haraka" ikawa kweli ni mgonjwa. Na ile pumzi aliyoivuta kwanza. Sikufikiria kwamba anayepumua ni msichana wa watu aliyekesha wodini siku mbili. Sikufikiria kwamba nesi wa Mwanza, mgeni, ana wagonjwa wamelala sakafuni, hana muda wa kuzungushana na ukoo wa Gonja. Nilimpa desturi yetu bila kumuuliza kama anaijua. Ningemuuliza neno moja tu, "Yuko hai kweli?", angenijibu. Sikuuliza, kwa sababu mtu mwenye adabu hamuulizi mwenzake hivyo.

Saa nne na kitu, basi la Gonja likaingia. Mama Elisante akaja moja kwa moja dirishani. Watu wakampisha. Alikuwa na kikapu, na kanga ya pili ameikunja vizuri juu yake.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Nimesikia redioni jana. Shule zimefungwa, mtoto wangu alikuwa njiani. Una habari yoyote?"

Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu.

"Bado mama. Hakuna habari."

"Nimekuja na nguo zangu. Ukiniambia tu yuko wapi, sirudi nyumbani, napanda la Arusha hapohapo barabarani naenda."

"Laini za kule mbovu, mama. Rudi tu nyumbani ukasubiri. Nikipata lolote nitakuletea."

"Hata jina lake halijasomwa kwenye wale waliokufa?"

"Halijasomwa."

"Basi Mungu ni mwema," akasema, na akatabasamu, jamani, akanishika vidole kwenye kile kidirisha. "Pole na wewe, macho yamekuvimba. Unawalilia wote hao?"

Basi la Arusha lilikuwa linapita saa sita. Nilikuwa naisikia honi yake nikiwa nimekaa. Siku ile nililisikia pia.

Nikatafuta mtu wa ukoo. Baba mkubwa wa Elisante, Mzee Sefania, alikuwa anakaa juu zaidi ya Gonja, mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Nikamkabidhi karatasi kondakta wa basi lilelile la Gonja, linarudi saa nane. Nikamwambia ampe Mzee Sefania mkononi, na asimwonyeshe mtu yeyote. Nilipogeuka, Mama Elisante alikuwa amekaa kiti cha pili nyuma ya dereva. Akanipungia mkono. Karatasi ya mwanawe iko mfuko wa shati la kondakta, hatua mbili kutoka kwake, na basi likaondoka nao wote.

Mwezi wa tano barabara ile inakuwa tope. Basi likakwama korongoni, wakafika Gonja Ijumaa mchana. Karatasi ikampata Mzee Sefania jioni. Naye akaisoma kama nilivyoisoma mimi. Mtu mzima yule, amezika watu wangapi? Hakuamka kumkimbilia shemeji yake amwambie twende Mwanza. Aliwaita wazee, wakapanga, na Jumamosi asubuhi wakateremka kwake pamoja na mchungaji. Wakamkalisha, wakashika mikono yake, wakamwambia mtoto ametutoka. Majirani wakaleta masufuria. Wakaanza kuimba.

Jumamosi hiyohiyo, saa saba mchana, nesi akapiga tena.

"Dada Nakijwa, mbona mama yake hajafika? Anamuulizia kila saa. Tumemwambia yuko njiani."

Nikamuuliza, "Nani anamuulizia?"

"Elisante. Si nilikwambia Alhamisi?"

Nilikoroga misheni ya Gonja mpaka ngozi ya kiganja ikatoka. Walipopokea sikusema salamu. Nikawaambia wamtume mtu mbio kwa Mama Elisante, mtoto yu hai, aje sasa hivi. Huyo mtu alipofika akakuta msiba. Alisimama katikati ya waombolezaji akasema Elisante yu hai, na kuna bibi mmoja akampiga fimbo kwa kuwafanyia mzaha. Mpaka wakaelewana, basi limeshaondoka. Mama na Mzee Sefania wakapata lori la mpunga Jumapili asubuhi.

Elisante alikata roho Jumapili, saa tisa mchana. Nesi alinipigia mwenyewe. Lori lilikuwa limewafikisha Same saa hizo, na mama yake alikuwa barabarani mbele ya ofisi yetu, anasubiri gari la Arusha. Nilimwona kwa dirisha. Sikutoka. Habari ya msiba haipewi mwenyewe, si ndiyo? Safari hii sikuwa nafuata sheria ya mtu. Nilikuwa namwogopa tu. Nikamwacha apande gari, aende mwendo wote ule kumtazama mtoto mzima, akute maiti.

Nimepiga hesabu ya safari ile mara nyingi kuliko nilivyosali. Angepanda basi la Alhamisi saa sita, angelala Arusha, angepanda la alfajiri, angeingia Mwanza Jumamosi asubuhi. Angekaa naye siku moja na nusu. Hangemponya, hilo najua, madaktari walishindwa. Angemuuliza kama amekula.

Walimleta, wakamzika Gonja. Sikwenda. Niliomba zamu ya mtu nikakaa kwenye swichibodi, nikasema kazi imenizidi.

Wiki tatu zikapita, Mama Elisante akaja. Hakuwa na kikapu. Akangoja foleni kama watu wengine mpaka akafika dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nakijwa, nina swali moja. Yule nesi ameniambia alikupigia Alhamisi asubuhi. Nilipokuja hapa, ulikuwa unajua?"

Nilikuwa nimejiandalia uongo mzuri, wa saa na wa laini mbovu. Nikauacha.

"Nilikuwa najua mama. Nilidhani ameshakufa."

"Alikwambia amekufa?"

"Hapana. Alisema anaongea. Anakuulizia."

Nyuma yake aliyekuwa anahesabu chenji akaacha.

"Siku ya mwisho homa ilimpanda, Kiswahili kikamtoka," mama akasema. "Akawa ananiita kwa Kipare, nesi alinitajia lile neno nikalijua. Wale manesi watoto wa huko, hawakujua anasema nini. Walidhani anaomba maji. Wakawa wanampa maji, Nakijwa. Mtu aliyetoka kuzama."

Nikasema nisamehe mama, nikasema nilitaka usianguke hapa peke yako, nikamweleza yule dada na mtoto aliyevunjika mkono. Nilikuwa naongea haraka, na kadiri nilivyoongea nikawa naona kila neno langu ni la kujitetea mimi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na adabu yule mama, ingekuwa heri angenitukana.

"Nimesikia," akasema. "Sasa nakuomba. Siku nyingine mtu akipiga simu kuniulizia, usimtafute Sefania. Usimtafute mchungaji. Niambie mimi mwenyewe, hata kama ni kitu gani."

"Nitakwambia mama."

Akajifunga kanga vizuri, akatoka. Nikachukua kipande cha karatasi, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa na maagizo yake chini, nikakibandika juu ya swichibodi, mbele ya macho yangu. Nilikaa kwenye kiti kile miaka mingine mpaka wakaja kuing'oa mitambo, na karatasi ilikuwa bado imebandikwa pale, imegeuka njano. Hakuna mtu aliyewahi kupiga kumuulizia. Nani angempigia?